Mwalimu wa Biashara Apimwe Kwanza

Katika nchi yetu ya Kenya hapana ruhusa mtu kusimama mbele ya watoto wa shule na kuwafundisha kujumlisha na kutoa mpaka jina lake liwe limeandikwa katika daftari la Tume ya Huduma za Walimu. Ndivyo isemavyo sheria ya mwaka 2012. Kabla ya jina hilo kuandikwa, mtu huyo amekaa chuoni, amepelekwa mazoezini, na mkufunzi wake amekaa nyuma ya darasa na kalamu mkononi, akiandika kila kosa la ubao na kila kosa la ulimi. Nilipita njia hiyo, na hata leo mkaguzi aweza kubisha hodi mlangoni mwa darasa langu, nami sina haki ya kumwambia arudi kesho. Mhasibu naye ana sheria yake ya mwaka 2008, na mhandisi ana yake ya mwaka 2011. Lakini mtu atakaye kumfundisha mjane namna ya kutumia mtaji wake wote, mtaji ambao ukipotea haurudi, haulizwi na sheria yoyote alijifunzia wapi kazi hiyo. Akiamka asubuhi akajiita kocha wa biashara, amekuwa kocha kabla chai haijachemka.

Kazi hii ina majina mengi. Wengine hujiita washauri, wengine walezi, na wengine wameazima jina la uwanja wa mpira wakajiita makocha. Kazi yenyewe, ikifanywa kwa haki, ni njema: ni kukaa na mfanyabiashara, kumsikiliza, kumwuliza maswali ambayo hajajiuliza, kumwonyesha mahali pesa zake zinapovujia, kisha kumwacha aamue mwenyewe. Mtu afanyaye hivyo astahili ujira wake kama fundi seremala astahilivyo wake. Siandiki kumpinga huyo. Ninaandika kumpinga yule mwingine aliyevaa joho lile lile, na ninampinga vile vile msikilizaji mwepesi amlipaye bila ya kumpima.

Huenda ukasema, ewe msomaji kijana, kwamba jambo hili ni la watu wazima. Sivyo. Utakapomaliza masomo ya sekondari, yamkini utashika biashara kabla ya kushika kazi ya mshahara: genge la mboga, kibanda cha kutengenezea simu, robota moja la mitumba kutoka Gikomba, au kuku mia mbili nyuma ya nyumba. Na hata kabla ya siku hiyo, mama yako au mjomba wako ataletewa karatasi yenye picha ya mtu aliyekunja mikono kifuani huku akitabasamu, nayo imeandikwa kwamba semina ya kwanza ni bure. Wewe ndiwe msomi wa nyumba. Wewe ndiwe utakayeombwa uisome karatasi ile na kueleza maana yake, na pesa itakayotolewa yaweza kuwa ni karo yako mwenyewe.

Neno langu basi ni hili. Mwalimu wa biashara asiaminiwe kwa ufasaha wake, wala kwa gari lake, wala kwa wingi wa watu wampigiao makofi. Aaminiwe kwa mambo mawili yawezayo kupimwa na mtu wa kawaida: kiasi cha ahadi yake, na asili ya riziki yake.

Tuanze na ahadi. Watu wengi hudhani kwamba hapana awezaye kujua mafunzo ya biashara yanaleta faida kiasi gani, na kwamba kila asemalo kocha juu ya jambo hilo ni sawa na lingine. Dhana hiyo ndiyo kichaka wanamojificha waongo. Ukweli ni kwamba jambo hili limepimwa, na limepimwa hapa petu. Mwaka 2018 wataalamu watatu wa uchumi, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, walichapisha habari za utafiti walioufanya Dandora, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Wanawake wenye biashara changa waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilipelekwa darasani likafundishwa kuweka hesabu, kutafuta wateja na kupanga mipango ya biashara. Kundi la pili halikuliona darasa. Kila mwanamke alikutanishwa na mwanamke mwingine wa mtaa ule ule, aliyeizoea biashara na kufanikiwa nayo, wakawa wanaonana na kuzungumza. Kundi la tatu liliachwa kama lilivyokuwa, ili liwe kipimo cha mengine.

Waliokaa darasani walibadili baadhi ya desturi zao za kazi, lakini faida yao haikuongezeka. Waliopewa mlezi wa mtaani, faida yao ilizidi kwa asilimia 20 kwa wastani. Sisi tushikao chaki tungependa habari hiyo iwe kinyume, lakini ndivyo ilivyo. Wala siri ya walezi wale haikuwa maneno makubwa. Mwanamke aliyeuza Dandora kwa miaka mingi anamjua muuzaji wa jumla mwenye bei nafuu, na aweza kumwambia mwenzake aache kununua kwa fulani akanunue kwa fulani. Shilingi mbili zikipungua katika bei ya kununulia kila fungu la sukuma wiki, hizo ni faida jioni ile ile. Hazingoji mwisho wa mwaka wala hazihitaji hotuba. Tena yatazame maneno ya mwisho ya habari hiyo, maana yana uzito: wale wawili walipoacha kuonana, ile faida nayo ilififia.

Nitakuwa nimekudanganya nikiishia hapo na kukuacha udhani kwamba darasa halifai kitu. Katika vijiji vya Kenya, David McKenzie na Susana Puerto walifuatilia wanawake wafanyabiashara 3,537, ambao baadhi yao walipewa mafunzo ya darasani ya siku chache. Na katika habari waliyoichapisha mwaka 2021 walionyesha kwamba baada ya miaka mitatu mauzo ya waliofundishwa yalikuwa juu kwa asilimia 18, na faida yao kwa asilimia 15. Huko Lomé, mji mkuu wa Togo, wenye biashara ndogo 1,500 walitazamwa kwa zaidi ya miaka miwili, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Waliofundishwa kwa namna iliyozoeleka, yaani hesabu, masoko na mengineyo ya vitabuni, waliongeza faida kwa asilimia 11, kiasi ambacho wataalamu hawakuweza kukitenga na bahati. Waliozoezwa kuanza jambo wenyewe bila ya kungoja kusukumwa, kutafuta nafasi ambayo jirani hajaiona, na kutokata tamaa mbele ya kizuizi, waliongeza faida kwa asilimia 30.

Ziweke hesabu hizo kichwani kama uwekavyo jedwali la kuzidisha: sifuri, 11, 15, 20, 30. Hayo ni matunda ya mafunzo yaliyotayarishwa na watu waangalifu, yakatolewa na walimu waliochaguliwa, yakapimwa na watu wasio na cha kuuza. Sasa anakuja bwana mmoja katika ukumbi wa hoteli, ametanguliwa na ngoma za kwenye vipaza sauti, naye anasema kwamba atakufundisha kuzidisha mapato yako mara kumi katika siku 90. Mara kumi ni ongezeko la asilimia 900. Bwana huyo hajui kwamba amejishitaki mwenyewe. Kama angelisema asilimia 20, huenda tungelimsikiliza. Lakini kwa kuwa ahadi yake ni kubwa kuliko kipimo chochote kinachojulikana, hapana haja ya kuendelea kumchunguza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ahadi ya mara kumi ni mtembezi hodari.

Hesabu hizo zina manufaa mengine, nayo ni makubwa zaidi kwa maskini. Zatusaidia kujua ada gani ni ya haki. Chukua karatasi, tufanye pamoja. Tuseme yuko mama auzaye mboga, ambaye akishaondoa nauli, bei ya mali na ada ya soko hubakiwa na faida ya shilingi 600 kwa siku. Kocha anamtaka ada ya shilingi 45,000. Hiyo ni faida yake yote ya siku 75, yaani miezi miwili na nusu ambamo watoto wasile wala mwenye nyumba asidai kodi. Haya, na tumpe kocha huyo heshima asiyostahili. Tuseme yeye ni sawa na wale walezi wa Dandora, na faida ya mama yetu itapanda kwa asilimia 20. Atapata shilingi 120 zaidi kila siku. Gawanya 45,000 kwa 120. Jawabu ni siku 375. Mwaka mzima na siku kumi, bila ya kupumzika Jumapili, bila ya kuugua, bila ya mvua kubwa kumzuia kufika sokoni, mama huyu atamfanyia kazi kocha; ndipo siku ya 376 aanze kujifanyia mwenyewe. Tena tumekwisha kuona kwamba faida ya namna hii yaweza kufifia walezi wakiondoka, na kocha wetu hatakuwapo siku ya 376. Atakuwa mji mwingine, katika ukumbi mwingine. Na kama ada ile ilikopwa, riba nayo ina siku zake za kudai.

Sisemi kwamba ada kubwa ni wizi siku zote. Mwenye kiwanda cha sabuni ambaye faida yake ni shilingi 40,000 kwa siku aweza kulipa 45,000 akazirudisha kabla ya majuma mawili. Ada ile ile ni halali kwa mmoja na ni kitanzi kwa mwingine. Basi kocha atozaye bei moja kwa kila mtu, bila ya kuuliza kwanza biashara yako inaingiza nini, amekuonyesha kwamba hana haja ya kujua kama utanufaika.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo ni riziki. Kabla hujamwuliza mwalimu wa biashara anajua nini, muulize anakula wapi. Yuko alaye kwa sababu wanafunzi wake wamefanikiwa, na yuko alaye kwa sababu wanafunzi wapya wamekuja. Kwa mbali watu hawa wawili hufanana kama mapacha. Wa kwanza akikupoteza amepoteza. Wa pili akikupoteza hana habari, maana mlangoni wapo kumi.

Kumbuka habari ya kware. Mwishoni mwa mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014 nchi yetu ilishikwa na homa ya kufuga ndege hao. Ilisemekana kwamba yai la kware ni dawa ya maradhi mengi, na bei yake ikapanda kupita akili. Watu waliacha kuku wakajenga vizimba vya kware. Wengi wakaomba vibali kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwa kuwa sheria ilimhesabu kware kuwa mnyama wa porini. Walitokea walimu wa kufundisha ufugaji huo, na wauzaji wa kware ndio waliokuwa mstari wa mbele katika ualimu. Lakini wanunuzi wakubwa wa mayai na vifaranga walikuwa ni wafugaji wapya, siyo walaji. Siku wafugaji wapya walipokwisha, bei ilianguka, na watu wakabaki na vizimba vilivyojaa ndege ambao hapana aliyewataka. Wachache walifaidi: wale waliouza mapema, na wale waliouza elimu pamoja na ndege. Mwalimu akuuziaye somo na mbegu ya somo katika mkono mmoja, hawezi kukwambia kwamba msimu huu usipande.

Uko mfano mwingine uliofikishwa mahakamani. Huo ulitokea Marekani, lakini mtego wake ulitegwa katika intaneti, na intaneti haina forodha. Matangazo ya namna ile ile huonekana leo katika simu ya mtu aliyeketi Kakamega. Mwezi wa Juni mwaka 2018 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilishitaki kampuni iliyoitwa MOBE, iliyojidai kufundisha watu biashara ya mtandaoni. Mlango wa kuingilia ulikuwa rahisi: hatua 21 za kupata utajiri, kwa dola 49. Aliyeingia alipewa kocha. Kwa madai ya Tume, kocha huyo kazi yake ilikuwa kumsukuma mwanafunzi anunue uanachama wa daraja la juu, kisha wa juu zaidi, kwa maelfu ya dola. Na ile biashara iliyosifiwa, ilipofunuliwa, ikaonekana kuwa ni kuwauzia watu wengine uanachama ule ule ili kupata ujira wa udalali. Tume ilisema kwamba zaidi ya dola milioni 125 zilichukuliwa kwa njia hiyo. Mahakama iliusimamisha mchezo, na baadaye mwanzilishi wake, katika suluhu na Tume, alizuiwa kuuza mafunzo ya biashara.

Tazama jinsi neno kocha lilivyotumiwa hapo. Mtu akijua kwamba anazungumza na dalali, hujilinda. Huuliza bei mara mbili, na hushika mfuko wake. Akidhani kwamba anazungumza na mwalimu, hufungua moyo: husema ana akiba kiasi gani, anadaiwa na nani, mumewe ana kiwanja wapi. Dalali aliyevaa jina la mwalimu huyapata hayo yote bure, kisha huyatumia kupanga bei. Hilo ndilo linaloniudhi mimi kuliko hasara ya pesa. Jina la mwalimu limejengwa na watu wengi waliofundisha chini ya miembe kwa ujira mdogo, na huyu amelichukua kama mtu achukuaye koti msibani.

Ziko namna ndogo za udalali huu. Yuko kocha apewaye kitu na mkopeshaji kwa kila mtu ampelekaye kukopa. Ushauri wake, ukiusikiliza sana, huishia katika mkopo. Yuko ambaye somo la kwanza ni bure, la pili ni shilingi elfu moja, na la tatu haliwezi kueleweka bila ya kununua la nne. Yuko ambaye, kwa kisingizio cha kukusaidia, hutaka namba yako ya siri ya M-Pesa, au hati ya shamba akuwekee. Huyu wa mwisho si kocha mbaya. Ni mwivi, na dawa yake iko kituo cha polisi.

Watasema, kama wasemavyo daima, kwamba mganga hajigangi, na kwa hiyo si lazima kocha wa biashara awe na biashara. Methali hiyo ni ya kweli, lakini hutumiwa vibaya. Mganga hajigangi, naam, ila wagonjwa aliowaganga wapo, wana majina na milango. Kwa hiyo kama kocha hana duka la kukuonyesha, na akuonyeshe maduka aliyoyasaidia. Nenda wewe mwenyewe, usipelekwe naye. Nunua sabuni au kiberiti, ukae, uulize. Usiridhike na wale watatu aliokuchagulia, kwa kuwa hata mchezaji karata aweza kukuonyesha watatu walioshinda. Muulize aliyeanza naye akaacha. Aliyeacha aweza kuwa na chuki, na chuki nayo ni ya kupimwa. Lakini mtu mwenye chuki hukumbuka tarehe na hesabu vizuri kuliko mtu mwenye furaha.

Na kama anajisifu kwamba ameanzisha kampuni tano, sifa hiyo haina haja ya kubishaniwa, kwa maana yaweza kutazamwa. Serikali hutoa, kwa ada ndogo, hati iitwayo CR12, inayoonyesha wakurugenzi wa kampuni na wenye hisa zake, na mtu yeyote aweza kuiomba. Jina lake limo au halimo. Ajabu ni kwamba watu huogopa kufanya jambo hili wakidhani ni utovu wa adabu, ilhali baba atakaye kununua ng'ombe humfungua kinywa akatazama meno, wala mwenye ng'ombe hakasiriki.

Vyeti je? Hapa nitasema kwa ufupi. Liko shirika la kimataifa la makocha lililoanzishwa mwaka 1995, ICF, ambalo hutoa cheti cha daraja la kwanza kwa mtu aliyesoma saa 60 na kufanya kazi ya ukocha kwa saa 100. Ni la hiari, na cheti hicho ni kizuri, maana angalau mwenye nacho ameketi akafundishwa kusikiliza, na amekubali kanuni za kutunza siri. Lakini hakikuambii kama anajua bei ya nyanya Wakulima au desturi ya wauzaji wa Kongowea. Mwanamke wa Dandora hana cheti hicho, nawe umeona alilolifanya.

Kuna wanaouliza mashine siku hizi, na kusema kwamba mashine haina udalali. Hilo nalo limetazamwa hapa Kenya: wafanyabiashara 640 walishirikishwa katika jaribio, na baadhi yao wakapewa mshauri wa akili bandia wa kuzungumza naye katika WhatsApp. Waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walinufaika; waliokuwa nyuma walizidi kurudi nyuma. Aliye taabani huuliza maswali magumu, na jawabu jepesi kwa swali gumu humchosha mtu na kumla pesa. Jambo hili ni kweli kwa mshauri mwenye damu pia. Kocha aliyemsaidia mwenye maduka matatu kufungua la nne huenda hana msaada kwa mtu ambaye duka lake moja linakufa.

Najua baadhi ya makocha watakaosoma maneno haya watauliza mwalimu wa shule ana haki gani kusema juu ya biashara asiyoifanya. Swali ni la haki, na jawabu langu ni fupi: sikukufundisha biashara, msomaji, nimekufundisha kumkagua mwalimu, na kazi hiyo nimeifanyiwa mara nyingi mno nisiijue. Kocha wa kweli hatachukia ukaguzi. Wapo makocha wasemao mapema, hapa sijui, nenda kwa mhasibu; au wasemao, biashara yako bado ni ndogo, usinilipe mimi, kaa na yule mama wa pembeni kwa mwezi mmoja umwangalie anavyonunua. Ukimpata asemaye hivyo, mshike mkono usimwachilie, hata kama suti yake imefifia.

Kwa asiye na pesa za kulipa, njia haijafungwa. Chama cha akina mama kina mtu mmoja au wawili ambao biashara zao zimesimama miaka kumi katika mvua na jua. Mzee auzaye vyuma Kamukunji anajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha hoteli. Hawajiiti makocha, na wengi watashangaa ukiwaomba ushauri kwa adabu, ukaja na daftari, ukarudi juma lijalo kueleza ulichokifanya. Usione vyaelea, vimeundwa. Nao waundaji bado wapo, wameketi nyuma ya meza zao.

Na kwa yule aliyeamua kulipa, na awe na karatasi. Iandikwe ada ni kiasi gani, mikutano ni mingapi, nani atakuja kwa nani, na siri za biashara zitatunzwa vipi. Asilipe yote kwa pamoja. Alipe ya mwezi wa kwanza tu. Kabla ya mwezi huo kuanza, aandike katika daftari faida ya kila siku kwa majuma manne, kwa kalamu ya wino, bila ya kuipamba. Mwezi ukiisha, aandike tena majuma manne mengine, kisha aziweke kurasa hizo mbili mbele ya kocha na kumwomba azisome kwa sauti. Kocha akizisoma, akauliza maswali, akakubali palipo pabaya, na alipwe mwezi wa pili. Akisema kwamba mafanikio hayapimwi kwa daftari bali kwa imani, basi amlipe kilichobaki cha mwezi ule, amfungulie mlango, na kumtakia safari njema.